Damu ya Kitovu: Kabla Hujalipa, Muulize Mkunga

Mama wa Nyamasaria, Kisumu, anayekaribia kujifungua ana mengi ya kupanga: nauli ya usiku mpaka hospitalini, usajili wa bima ya afya ya SHA, nani atabaki na watoto. Kwa wenye kipato kidogo cha ziada limeongezeka swali jingine. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma ihifadhiwe kwa malipo, itolewe msaada, au iachwe?

Ni damu kidogo, mililita 100 hivi, lakini imejaa seli shina zenye uwezo wa kuanzisha damu mpya mwilini. Mwaka 1988, jijini Paris, Dkt. Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia mvulana Mmarekani mwenye anemia ya Fanconi damu ya kitovu cha dadake mchanga, akapona. Tangu hapo biashara ya kuhifadhi ikapata hoja. Kampuni huigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mzazi hulipa ada miaka nenda miaka rudi.

Lakini mvulana yule aliponywa na damu ya dadake, si yake mwenyewe. Hapa kwetu ukanda wa ziwa, selimundu imeingia nyumba nyingi. Mtoto akizaliwa nayo, damu ya kitovu chake imebeba kasoro ileile. Kumrudishia ni kumrudishia ugonjwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikiwashauri wazazi wasiiweke kama bima ya mtoto mwenyewe.

Familia inayofaa kulifikiria jambo hili kwa uzito ni ile yenye mtoto mgonjwa tayari, na mama ana mimba nyingine. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Hao wamwone daktari wa damu miezi kabla ya uchungu kuanza. Upandikizaji wenyewe si wa kuvukia bahari tena: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Kuhusu kutoa msaada, Kenya ina kisa chake, na nasikitika kwamba hakizungumzwi. Akina mama waliojifungua katika hospitali kuu ya Mombasa walikubali damu iliyobaki kwenye kondo ikingwe na kupimwa. Ikapelekwa Kilifi, wakaongezewa watoto 55 waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Haematology, na yalitia moyo. Mtoto mdogo hahitaji damu nyingi. Kilichotoka kwenye kondo moja kinaweza kumfaa. Yeyote aliyekaa wadi ya watoto pale Hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi bado wanaiita Russia, msimu wa malaria baada ya mafuriko ya uwanda wa Kano, anajua maana yake: baba anapiga simu kwa shemeji na majirani akitafuta wa kutoa damu, huku viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe.

Hata hivyo, mwenye haki ya kwanza ni mtoto anayezaliwa. Akishatoka, kitovu bado kinapiga kama mshipa wa shingo, kinene, cha buluu. Damu yake iliyo kwenye kondo bado inamrudia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Madini ya chuma anayopata hapo humlinda dhidi ya upungufu wa damu kwa miezi. Damu ya msaada ni ile inayobaki baadaye.

Kaunti ya Kisumu ina wakunga, ina kituo cha damu na ina watoto wanaoihitaji. Serikali yake ianzishe mpango wa kuikinga damu hii, kwa ridhaa ya mama na maelezo kwa mama mkwe anayetaka kujua inapelekwa wapi. Na wewe mama, ukifika wadi mwambie mkunga asiharakishe kubana kitovu. Hilo halina malipo.