Flashi moja yatosha kurudisha kirusi nyumba nzima

Kompyuta inasafishwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi kirusi kimesharudi. Mafundi wa Arusha, Nairobi na Kampala wanaijua kesi hii vizuri. Mteja anarudi na mashine ileile, amekasirika, anataka arudishiwe pesa yake kwa sababu Windows imepigwa upya na bado mafaili kwenye flashi hayaonekani. Mara nyingi fundi hakuharibu kazi. Aliletewa mashine moja tu, na nyumbani zilibaki mbili nyingine na flashi kadhaa ndani ya droo.

Usumbufu huo unawagusa zaidi mawakala wadogo wa forodha wanaohudumia wateja kupitia mipaka ya Namanga, Rusumo, Mutukula na Gatuna. Ofisi ya wengi wao ni sebule. Kuna laptopu ya mwenye nyumba, kompyuta ya mezani ya kuandalia ankara na laptopu ya mtoto anayesoma chuo, zote kwenye ruta moja. Ili printa moja iwatoshe wote, folda zimefunguliwa kwa kila mtu bila nywila. Ndani ya folda hizo mna hati za asili ya bidhaa, nakala za pasipoti za madereva na namba za mlipakodi za wateja. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa mfanyabiashara wa Kigali unaweza kushughulikiwa ukiwa bado bandarini Dar es Salaam. Kwa hiyo siri za biashara ya nchi moja zinaweza kulala kwenye laptopu ya nchi nyingine.

Wengi huita kila kitu kirusi, lakini anayerudi namna hii kwa kawaida ni mnyoo wa kompyuta. Kirusi cha kawaida hujibandika kwenye faili na kusubiri lifunguliwe. Mnyoo hujinakili mwenyewe, akitumia mtandao wa nyumbani au flashi inayochomekwa. Aina iliyoenea huficha mafaili yote ya flashi na kuacha alama moja ya njia ya mkato yenye jina la flashi yenyewe. Mtumiaji anaibofya, mafaili yake yanafunguka kama kawaida, na wakati huohuo mnyoo anaingia kwenye mashine. Haoni dalili yoyote, na hapo ndipo penye hila.

Kwamba jambo hili si la watoto watundu lilionekana mwaka 2023. Watafiti wa Mandiant, kampuni iliyo chini ya Google, walieleza jinsi mnyoo waliyemwita Sogu, ambaye walimhusisha na kundi la kijasusi lenye uhusiano na China, alivyoingia kwenye mitandao ya mashirika kwa njia ya flashi. Maambukizi mengi yalianzia kwenye shughuli za mashirika hayo barani Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, na baadhi yalitokana na kompyuta za kuchangia katika maduka ya kuchapisha na migahawa ya intaneti. Kwa lugha ya mtaani ni stesheneri ya Tanzania na saiba ya Kenya. Sogu alikuwa akitafuta nyaraka za Word, Excel na PDF ili azinakili na kuzipeleka nje. Hizo ndizo nyaraka za wakala wa forodha.

Kumwondoa kunahitaji utaratibu zaidi ya ujuzi. Kwanza intaneti inazimwa kwenye ruta na kila kompyuta inatenganishwa na wenzake, kwa sababu mashine iliyosafishwa ikiwa bado inaonana na iliyoambukizwa huweza kuambukizwa tena ndani ya dakika chache. Kisha zinakusanywa flashi zote, diski za nje na kadi za kumbukumbu, hata ile flashi ya kwaya iliyosahaulika kwenye mkoba. Kazi hii ndogo ndiyo inayoamua kama mnyoo atarudi au hatarudi.

Baada ya hapo kila mashine inachunguzwa peke yake. Microsoft Defender, ambayo tayari imo ndani ya Windows 10 na 11, ina uchunguzi unaofanyika kabla Windows yenyewe haijawaka. Faida yake ni kwamba mnyoo anakutwa amelala, hana nafasi ya kujificha wala kuizima antivirusi. Kama orodha ya virusi ya Defender ni ya zamani, mpya ipakuliwe kwenye kompyuta salama ya nje ya nyumba hiyo. Fundi aangalie pia orodha ya programu zinazojiwasha mashine inapowaka na kazi zilizopangwa kujiendesha kwa saa fulani. Minyoo wengi huacha mlango wa kurudia hapo, na faili lao likifutwa bila mlango huo kufungwa, mashine inaweza kuambukizwa tena.

Flashi inasafishwa kwenye mashine iliyokwisha kuthibitika kuwa safi. Kuonyesha mafaili yaliyofichwa kunawashwa, nyaraka zenyewe zinanakiliwa, njia ya mkato haiguswi, kisha flashi inafomatiwa. Nywila za barua pepe, benki na mifumo ya forodha hubadilishwa kutoka kwenye kifaa safi. Kuzibadilisha kabla ya kusafisha ni kumkabidhi mwizi ufunguo mpya. Folda za pamoja zifungwe kwa nywila, na mashine zirudishwe kwenye ruta moja baada ya nyingine, si zote kwa mkupuo.

Kinachobaki ni masasisho, na hapa tatizo ni pesa. Sasisho moja la Windows linaweza kumaliza bando la wiki, hivyo watu wanalizima. Wenye Windows iliyochakachuliwa nao huogopa kusasisha wasije wakafungiwa. Historia inaonyesha gharama yake. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba pengo la Windows Oktoba 2008. Mwezi uliofuata mnyoo Conficker akaanza kupita katika pengo hilohilo kwenye mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa. Mwaka 2016 bado alikutwa kwenye kompyuta za kinu cha nyuklia cha Gundremmingen, Ujerumani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenye mfumo huo bado ni nyingi madukani na majumbani.

Mnyoo haondoki hata wenyewe wakimtelekeza. Septemba 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa ililipa dola 7 tu za Marekani kupata anwani ya intaneti iliyotumika kuongoza PlugX, wa ukoo mmoja na Sogu. Kila siku kati ya anwani 90,000 na 100,000 zilikuwa zikibisha hodi kusubiri amri. Katika miezi 6 zilifika karibu milioni 2.5, kutoka nchi zaidi ya 170. Sekoia ingeweza kutuma amri ya kujifuta, lakini kuingia kwenye kompyuta ya mtu katika nchi nyingine ni suala la sheria, hivyo uamuzi ukaachwa kwa mamlaka za kila nchi. Ufaransa ilianza usafishaji Julai 2024. Marekani ilitangaza Januari 2025 kuwa imeondoa mnyoo huyo kwenye kompyuta zaidi ya 4,200 kwa idhini ya mahakama.

Tanzania ina TZ-CERT, Kenya ina KE-CIRT, Uganda ina CERT.UG; kila kituo na mipaka yake. Flashi haina pasipoti. Na amri inayotumwa kwa intaneti haiwezi kuifikia flashi ambayo haijachomekwa.

Ndiyo maana baada ya sebule kusafishwa inabaki kazi ambayo wengi huiruka kwa aibu: kuwapigia simu wateja, madereva na mwenye stesheneri waliopokea flashi kutoka nyumba ile, na kuwaambia wasiichomeke tena mpaka ikaguliwe.