Sambaza wa Ziwa Kivu: Samaki Mdogo, Ulinzi Mkubwa

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, na taa za Bukavu zinapoanza kuwaka ng'ambo ya maji, mtu aliyesimama juu ya kilima cha Kamembe huona msafara wa mitumbwi ukiondoka ufukoni. Mitumbwi hiyo haiendi mmoja mmoja. Huenda mitatu mitatu, ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na wapiga makasia huimba kwa kupokezana ili mikono yao iende pamoja. Giza likiingia, taa huwashwa juu ya maji, na ziwa huonekana kama mji wa pili. Askari aliye zamu katika wilaya ya Rusizi, ambayo kabla ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, ameyaona hayo mara nyingi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaojua habari za samaki anayetafutwa na taa hizo?

Samaki huyo ni sambaza, ambaye Wanyarwanda humwita isambaza, na wataalamu humwita Limnothrissa miodon. Ni samaki mwembamba, mwenye rangi ya fedha, na katika Ziwa Kivu ni nadra kuzidi sentimita 15. Yeye ni wa jamii moja na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na ni ndugu wa mbali wa saradini wa baharini. Huliwa mzima, pamoja na kichwa na mifupa yake, na kwa sababu hiyo humpa mlaji nguvu ya nyama na chokaa ya mifupa kwa wakati mmoja. Katika nchi ya vilima ambamo si kila nyumba inayoweza kuchinja, bakuli la sambaza ni neema kubwa.

Mgeni kutoka kusini

Huenda msomaji akashangaa kuambiwa kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Ziwa hili, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, lilizibwa njia yake ya kaskazini na milima ya moto ya Virunga maelfu ya miaka iliyopita. Maji yakapanda, yakatafuta mlango upande wa kusini, na ndipo ulipopatikana mto Rusizi, unaotoka ziwani hapa kwetu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Katika safari hiyo mto huporomoka karibu mita 700, ukipita katika makorongo na maporomoko ambayo dagaa wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda. Kwa hiyo Kivu likabaki na samaki wachache wa kandokando, na katikati yake, penye maji mapana yaliyojaa vijidudu vidogo vya kuliwa, hapakuwa na samaki wa kuvila.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa vilichukuliwa kutoka Tanganyika na kumwagwa katika Kivu. Zilikuwa aina mbili. Aina moja ilitoweka kabisa. Nyingine, yaani sambaza wetu, ilishika makao. Jambo la namna hiyohiyo lilifanyika katika miaka ya 1967 na 1968 kwenye bwawa la Kariba, kati ya Zambia na nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na huko samaki huyuhuyu anajulikana kwa jina la kapenta.

Hata hivyo mgeni hakuja bila gharama. Mmoja wa vijidudu wakubwa wa majini waliokuwamo katika Kivu, wa jamii ya dafnia, alitoweka baada ya sambaza kuenea. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja, Dumont, alionya kwamba chakula cha ziwa kingepungua na uvuvi ungeporomoka. Uporomokaji huo haukutokea. Vipimo vilivyofanywa kwa mitambo ya mwangwi katika miaka ya 1980, na vingine vya mwaka 2008, vilionyesha kwamba sambaza waliomo ziwani hawakupungua sana: ni makadirio ya tani 4,000 hadi 6,000 hivi. Lakini tusisahau maana ya hesabu hiyo. Hiyo ndiyo akiba yote ya ziwa zima, upande wa Rwanda na upande wa Kongo. Akiba hiyo si kubwa.

Maisha ya sambaza

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba anayetaka kulinda mahali sharti kwanza apasome. Basi na tusome maisha ya samaki huyu, kwa maana sheria zote za uvuvi zinatokana nayo.

Sambaza mkubwa huishi katika maji mapana, mbali na ufuko. Mchana hushuka chini, mahali penye giza, ili asionwe na adui zake. Jioni hupanda juu kufuata chakula. Hawezi kushuka atakavyo. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali lilipo refu zaidi, lakini hewa ya kuvuta haipatikani chini ya mita 60 au 70, na katika msimu wa mvua mpaka huo hupanda juu zaidi. Chini yake yamo maji mazito yenye gesi, ambamo samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo, ziwa linaloonekana halina mwisho ni chumba chenye dari na sakafu iliyo karibu.

Wakati wa kutaga ukifika, samaki wakubwa husogea kandokando usiku na kutaga mayai yao huko. Mayai huangua, na vifaranga hukaa karibu na ufuko, katika ghuba na maji mafupi, wakila vijidudu na kukua kwa haraka. Wakifika sentimita 6 au 7 huanza kuwa tayari kuzaa, na huenda kuungana na wakubwa katikati ya ziwa. Wakubwa nao wana tabia isiyopendeza: mara nyingine hula watoto wa jamii yao wenyewe. Maisha yao ni mafupi. Wachache ndio wanaozidi miaka miwili. Hutaga mwaka mzima, ila si kwa wingi uleule kila mwezi.

Upepo wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huyachanganya maji ya juu na kuinua mbolea iliyokuwa imezama. Mbolea hiyo huotesha mimea midogo ya majini, vijidudu huila mimea, na sambaza huwala vijidudu.

Katika habari hizo kuna jambo moja kubwa la kukumbuka. Ufuko ndio chumba cha kulelea. Anayevua katikati ya ziwa kwa taa huwapata wakubwa walio wengi. Anayekokota wavu ufukoni huzoa watoto.

Taa, wavu na wimbo

Uvuvi wa taa ulienea katika Kivu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa mradi wa Umoja wa Mataifa ulioendeshwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, upande wa Gisenyi. Mitumbwi mitatu hubeba wavu mmoja mpana wa matundu madogo. Wavu hushushwa chini, na taa huachwa ziwake juu yake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazojazwa kwa jua. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta sambaza, na samaki wanapojaa juu ya wavu, watu huuinua kwa pamoja. Mbalamwezi ikiwa kamili, nuru huenea kila mahali, samaki hutawanyika, na mvuvi hupumzika. Alfajiri sambaza hufika sokoni wakiwa wabichi, au huanikwa juani ili wakauke na kusafirishwa mbali.

Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi za Rusizi, hasa katika kisiwa cha Nkombo na vijiji vya ufukoni. Tunapozungumza juu ya nyavu haramu, basi, tukumbuke kwamba tunazungumza juu ya riziki ya watu.

Chandarua cha mzee

Asubuhi moja, katika muda ambao ziwa lilikuwa limefungwa, nilifuatana na askari wa doria ya majini ili niandike habari za kazi yao. Katika ghuba moja ndogo tulimkuta mzee akiwa na mjukuu wake, maji yakiwafika magotini, wakikokota chandarua cha kuzuia mbu. Sajini alishuka botini, akavua kofia.

"Jambo sana, mzee. Unajua ziwa limefungwa?"

"Najua, afande. Limefungwa kwa sambaza. Mimi sivui sambaza. Hawa ni samaki wengine, wadogo wasiokua."

Sajini hakubishana. Aliomba beseni, akachota maji, akamimina humo ukufi mmoja wa samaki waliokuwa ndani ya chandarua. Walikuwa kama sindano, weupe, karibu wapenye nuru. Akamwita mtoto akamwambia awahesabu. Mtoto alihesabu mpaka akafika mia moja na kitu, akachoka, na beseni lilikuwa halijapungua.

"Mzee," akasema sajini, "hawa ndio sambaza. Hawajakua bado. Wakiachwa, mtoto huyu atahitaji ndoo kwa hao aliowahesabu tu. Leo hawajai hata kikombe."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni kabila lingine la samaki." Chandarua kilichukuliwa na kuandikwa katika daftari, samaki waliokuwa hai wakarudishwa majini, na mzee akapewa onyo. Tulipoondoka nilimwona mjukuu bado ameinama akitazama maji. Sikuweza kujua kama alikuwa anahesabu samaki au anafikiri watakula nini mchana ule.

Swali hilo ndilo zito katika kazi hii, na si haki kulificha. Sheria ya mwaka 2008 juu ya uvuvi na ufugaji wa samaki nchini Rwanda imeipa serikali uwezo wa kukataza zana haribifu. Kila mwaka, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Agosti, uvuvi katika Kivu husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazae na wakue. Miezi hiyo ni mirefu kwa mtu anayeishi kwa kipato cha usiku mmoja. Ndiyo sababu vyama vya ushirika vya wavuvi vina umuhimu mkubwa: anayeweka akiba kidogo wakati wa neema huvuka wakati wa kufungwa bila kuingia ufukoni na chandarua. Wahenga walisema akiba haiozi, na samaki aliyeachwa majini ni akiba ya aina hiyohiyo.

Wajibu wa aliyevaa sare

Askari wa majini, wa jeshi na wa polisi, hukamata nyavu nyingi zilizokatazwa. Iliyo mashuhuri ni ile iitwayo kaningini, ya uzi mwembamba wa plastiki, ambayo huwanasa samaki kabla hawajakua. Uzi wake hauozi. Wavu ukipotea chini ya maji huendelea kuua bila faida ya mtu yeyote. Kukamata nyavu hizo ni kazi ya lazima. Lakini yako mambo matatu ambayo askari mmoja mmoja anaweza kuyafanya hata bila boti.

La kwanza ni kutonunua. Sambaza mbichi anayeuzwa kwa siri wakati ziwa limefungwa ametoka mahali fulani, na anayemnunua ndiye aliyemtuma mvuvi. Ikiwa mnunuzi huyo amevaa sare, basi hakuna doria itakayoaminiwa kijijini hapo. Ndoo moja ya samaki iliyopokelewa kwa jicho la pembeni hufuta kazi ya mwezi mzima.

La pili ni kueleza. Mzee wa ghubani hakuwa mwizi, alikuwa hajui. Askari anayejua kwamba watoto wa sambaza hukaa ufukoni anaweza kumfundisha mtu kwa maneno machache na beseni la maji, na kijiji kizima kikapata habari kabla ya jua kuchwa.

La tatu ni kukumbuka mpaka. Mstari wa nchi umepita juu ya maji, lakini sambaza hana hati ya kusafiria. Anayelelewa katika ghuba ya Rusizi huenda akavuliwa mbele ya Bukavu au Ijwi, na wa huko huja kwetu. Ulinzi wa upande mmoja tu ni nusu ya ulinzi. Maafikiano na jirani katika jambo hili ni faida kwa pande zote mbili.

Tena ziwa halijakoma kupokea wageni. Mwaka 2006 alionekana katika Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye wavuvi wa kwetu wamempa jina la Rwanda rushya, yaani Rwanda mpya. Yeye naye hula vijidudu vilevile, na huishi kandokando walipo vifaranga vya sambaza. Akiba iliyokuwa ya mmoja sasa ina walaji wawili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuulinda ufuko.

Askari mwenzangu, usiku wa leo ukiwa zamu juu ya kilima, tazama zile taa na usikilize zile nyimbo. Watu wale wanavuna walichoachiwa na ufuko. Nawe unayelinda mpaka wa maji unalinda pia chumba kile cha kulelea, ambacho hakina ukuta wala mlango, na ambacho mtu mmoja mwenye chandarua anaweza kukimaliza asubuhi moja.