Yai Lisilonuka

Mtetea mmoja mwekundu aliatamia mayai 12 ndani ya kapu kuukuu nyuma ya jiko. Siku ya 21 vifaranga wakaanza kulia ndani ya maganda, chi chi chi, na hadi jioni tisa walikuwa wameshatoka. Mayai matatu yakabaki kimya. Mama mwenye kuku akaokota moja, akalitikisa karibu na sikio, akasikia kitu kinachezacheza ndani. Akalirusha mbali, nyuma ya migomba. Lilipogonga jiwe likapasuka, pa! Mbwa aliyekuwa amejilalia pale akainuka, akapiga chafya, akahama.

Hilo, wajukuu zangu, ndilo yai viza. Wengi wenu mnaijua harufu yake, na asiyeijua asiitafute.

Lilivyofika huko si uchawi. Ganda la yai mnaliona zima, kumbe lina vitundu vidogo mno, maelfu kwa maelfu, ambavyo kifaranga hupumulia. Kuku naye hulitaga likiwa na utando mwembamba unaoviziba. Utando ukichakaa, au mtu akiliosha yai akautoa, bakteria hupata njia. Sasa fikirini yai lisilo na kifaranga likae wiki tatu nzima chini ya tumbo la kuku, kwenye joto. Bakteria wakishaingia humo hula protini, na kwa kuwa protini za yai zina salfa, hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo inayonuka. Na gesi zikijaa ndani, ndizo zinazolipasua yai kwa kishindo.

Lakini niwaambie ukweli, yai viza silihofii sana. Nani atalila? Pua ni mlinzi hodari: gesi hiyo ikiwa chembe tu hewani, uso umeshakunjamana. Hata ulifiche kwenye kitunguu na pilipili hoho, litajitangaza lenyewe. Ninalolihofia mimi ni lile lenye sura nzuri, harufu ya kawaida na ladha tamu, kisha likamlaza mtu kitandani.

Najua mmoja wenu atasema, “Lakini Bibi, si tunayapima kwa maji?” Haya, tuyapime. Siku mkimenya yai la kuchemsha, angalieni upande wake mnene: kuna sehemu imebonyea. Hapo palikuwa na mfuko wa hewa. Yai linavyokaa, maji yake hupungua kupitia vile vitundu, na mfuko huo unazidi kukua. Ndiyo maana yai bichi la juzi hulala chali chini ya bakuli, la zamani kidogo husimama wima, na lililozeeka huelea. Kipimo hicho kinafaa, hata mimi nakitumia, ila kinataja umri peke yake. Yai lililotagwa leo asubuhi linaweza kuzama vizuri kabisa na bado likawa na ugonjwa ndani. Halafu ukishalipima, lipike. Usilirudishe kwenye trei likiwa limelowa.

(Na ile pete ya kijani inayozunguka kiini si uozo. Ni salfa ya ute imekutana na madini ya chuma ya kiini, kwa sababu mpishi alilisahau yai jikoni. Kuleni tu.)

Ugonjwa wenyewe huletwa na bakteria aitwaye salmonela. Jina hilo limetokana na daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Salmon, ingawa aliyefanya kazi ya kumgundua, mwaka 1885, alikuwa msaidizi wake, Theobald Smith. Kazi akafanya mdogo, jina akapewa bosi. Mambo hayo hayakuanza leo. Salmonela wana ukoo mkubwa. Mmoja wao huleta homa ya matumbo, yaani taifodi, lakini huyo hutoka kwa binadamu na wala si kwa kuku. Anayependa kuku anaitwa Enteritidis, na ujanja wake ni huu: huingia kwenye viungo vya uzazi vya kuku, akawemo ndani ya yai kabla ganda halijafungwa. Kuku haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anataga, anatetea kwa kujisifu. Wenzake wengine husubiri nje, kwenye kinyesi kilichogandia ganda, kisha hupanda mikononi mwenu.

Mwaka 1994 kulikuwa na kiwanda cha aiskrimu katika mji wa Marshall, jimbo la Minnesota, Marekani. Mchanganyiko wa aiskrimu ulikuwa umeshapashwa joto la kuua bakteria huko ulikotengenezwa, ukapakiwa kwenye malori ya matangi kupelekwa kiwandani. Malori hayo yalikuwa yamebeba mzigo mwingine kabla: mayai mabichi, yaliyovunjwa na kumiminwa tangini. Masalio ya mayai yakabaki, mchanganyiko msafi ukamiminwa juu yake. Kiwandani hakuna aliyeupasha joto tena. Uligandishwa, ukafungwa, ukasambazwa nchi nzima. Baridi haiwaui salmonela, huwatuliza tu. Wataalamu walikadiria kwamba watu 224,000 waliugua. Watu walilamba vijiko kwa raha zao, na hakuna hata mmoja aliyenusa kitu.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba salmonela hana haraka. Dalili huanza kati ya saa 6 na saa 72 baada ya kula. Mtu amekula yai bichibichi Jumatatu asubuhi, Jumanne usiku tumbo linamkata, homa imepanda, anaharisha na kutapika. Atamlaumu nani? Maharage ya Jumanne mchana! Wengi hupona wenyewe baada ya siku chache, lakini watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wanaweza kuzidiwa, hata bakteria wakaingia kwenye damu. Kinachotangulia kumwangusha mtoto ni kupoteza maji, kwa hiyo mpeni maji yaliyochanganywa na ORS, kidogo kidogo, mara kwa mara. Akitoa damu kwenye choo, akikauka mdomo, akikosa mkojo au akilegea, ni zahanati mara moja. Na msimpe vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini kwa jirani.

Habari njema ni kwamba salmonela haliwezi jiko. Kiini kikifikia nyuzi joto 70 amekwisha. Hamna haja ya kipimajoto; ute uwe mweupe na kiini kiwe kimeshikana. Chipsi mayai inayochuruzika katikati mrudishieni muuzaji, aigeuze tena kikaangoni. Anaweza kununa kidogo. Na yai la kuchemsha lililomenywa likalala mezani usiku kucha, hilo mimi silili, hata kama halina harufu, maana kuna bakteria wengine wa mikononi wanaoacha sumu isiyoondoka kwa kupasha moto.

Limebaki la kaka zenu wanaovunja mayai mabichi kwenye glasi ya maziwa ili wapate misuli, na waimbaji wanaoyameza ili sauti ilainike. Kuhusu sauti sibishani na waimbaji. Lakini kuhusu misuli watafiti walishapima: mwili hufyonza karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na kama asilimia 50 tu ya yai bichi. Kwa hiyo kaka anajitia hatarini kwa salmonela, halafu nusu ya nguvu aliyoinunua hainufaishi msuli hata mmoja.