Rele ya redio ikikata sauti, fundi aanzie wapi?

Kwenye milima ya Kivu, redio ya mkono ya VHF haisikiki ng'ambo ya mlima, kwani mlima unazuia mawimbi yake. Rele inayowekwa kileleni inapokea sauti kwenye masafa mamoja na kuirusha papo hapo kwenye mengine. Kwa wapenzi wa redio wa bendi ya mita 2, tofauti mara nyingi ni kilohezi 600 tu.

Sauti ikikatika, wengi wanalaumu betri. Lakini mara nyingine rele inajiziba masikio yenyewe. Kipimo ni rahisi: fundi azime mtambo wa kurusha, asikilize mwenzake anayeita kutoka mbali, kisha auwashe tena. Mwenzake akipotea hapo, kasoro itafutwe kwenye vichujio, viungo au antena.

Kama sauti ni dhaifu hata mtambo ukiwa umezimwa, akague antena na kable: maji huenda yameingia. Kable ikipoteza desibeli 3, wati 20 zinafika juu zikiwa 10.

Kwa kijiji kisicho na mtandao wa simu, sauti hiyo ndiyo inaita msaada kwa mgonjwa.