Kishikio cha usukani wa trakta: kinapunguza kazi, lakini si ku kila trakta

Ku bonde la Ruzizi, kati ya Uvira na Kamanyola, udongo ni wa tambarare na trakta inaweza kulima mistari mirefu bila shida. Kazi ngumu ya shofere inakuja ku mwisho wa mstari. Pale anapashwa kufanya mambo tatu kwa mara moja: kupunguza mwendo, kuinua jembe, na kuzungusha usukani (vola) mara kadhaa mpaka trakta igeuke. Mkono moja uko ku usukani, mwingine uko ku levie ya jembe. Jioni ikifika, mabega yanauma.

Njo maana mashofere wengi wanapenda kufunga ku usukani kishikio kidogo chenye umbo la uyoga. Kwa Kifaransa kinaitwa boule de volant. Kinakazwa ku duara la usukani kwa bulon, na kichwa chake kinazunguka chenyewe juu ya chuma kidogo ao juu ya rulema. Shofere anakishika kwa mkono wa kushoto, anazungusha usukani mfululizo bila kuuachilia, na mkono wa kuume unabaki huru.

Ni kitu kidogo, tena fundi hahitaji vyombo vingi ili kukifunga. Lakini kitu kile kile, kikifungwa ku trakta isiyofaa, kinaweza kuvunja kidole gumba, kifundo cha mkono ao mbavu. Na shofere wa trakta akivunjika mkono wakati wa kulima, si yeye peke yake anayepata hasara: walimaji wote wanaongoja trakta ile wanaweza kukosa mvua ya kupanda.

Kinaongeza haraka, hakiongezi nguvu

Watu wengi wanafikiri kishikio kinalegeza usukani mzito. Si hivyo. Nguvu inayoombwa ili kuzungusha usukani inategemea upana wa duara lake: duara kubwa linaomba nguvu kidogo, duara dogo linaomba nguvu mingi. Kishikio kinakaa ku duara lile lile, kwa hiyo uzito unabaki karibu ule ule. Kinachobadilika ni mwendo wa mkono tu. Shofere habadilishi tena mikono kila nusu duara, anazungusha moja kwa moja kama mtu anayezungusha mashine ya kusaga.

Kwa hiyo, trakta ambayo usukani wake umekuwa mzito haiombi kishikio, inaomba matengenezo. Fundi aangalie kwanza kama pine za mbele ziko na upepo wa kutosha. Kiisha aangalie kama viungo vya magurudumu ya mbele vimepakwa grese, kama hakuna chuma kilichopinda, na kama mzigo uliowekwa mbele haupiti kipimo. Mara mingi uzito unatoka pale.

Jiwe linapopiga gurudumu

Ku trakta zisizo na usaidizi wa mafuta, kama zile nyingi za zamani, usukani umeungana na magurudumu ya mbele kwa vyuma tupu. Shofere akizungusha usukani, vyuma vinasukuma magurudumu. Lakini njia ile inafanya kazi pande zote mbili. Gurudumu likigonga jiwe, kisiki ao shimo, vyuma vinarudisha pigo mpaka ku usukani, na usukani unazunguka kwa nguvu kabla shofere hajajua kitu gani kimetokea.

Shofere mwenye kushika duara la kawaida, vidole gumba vikiwa nje, anaweza kuponyoka: duara linateleza ndani ya viganja. Lakini kishikio kimesimama juu ya duara. Usukani ukizunguka kwa ghafula, kinapita mbele ya shofere kama nyundo. Mkono unaokishika unapindwa pamoja nacho. Mkono uliokiachilia unaweza kupigwa kinaporudi, na vilevile kifua ao goti. Ku mashamba ya Nyiragongo na Rutshuru, kule ambako mawe ya volkano yamejificha ndani ya udongo, hatari ile ni ya kila siku.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Ku Marekani, vishikio hivi vilipendwa sana ku magari na malori ya wakati ule usukani ulikuwa mzito. Watu wakavipa jina la utani lenye maana ya «kishikio cha kujiua». Mwaka 1951 kampuni Chrysler ikaanza kuuza gari lenye usukani unaosaidiwa na mafuta, ile mashofere wanaita direction assistée. Polepole ufundi ule ukaenea ku magari, na ku trakta pia. Hata leo, kanuni za Marekani za kazi ya bandari zinakataza vishikio hivi ku mashine isiyo na usaidizi ule.

Ku trakta yenye usaidizi wa mafuta, pompo inasukuma mafuta ndani ya tiyo mpaka ku chombo kinachogeuza magurudumu. Pigo la jiwe linaishia ndani ya mafuta, halifiki ku mkono, ao linafika likiwa dogo sana. Ku trakta ya namna hiyo njo kishikio kina nafasi yake.

Kupima kabla ya kununua

Majina na rangi ya trakta havitoshi ili kujua. Trakta mbili za jina moja zinaweza kutofautiana: moja ilitoka na usaidizi wa mafuta, ingine bila. Tena trakta iliyotoka nao inaweza kuwa imeupoteza, sababu pompo imekufa ao tiyo zimeng'olewa. Majaribio tatu yanatosha.

Jaribio la kwanza ni la kusimama. Trakta iko fasi ya tambarare, freni ya mkono imevutwa, vitesi haiko ndani, jembe liko chini. Shofere ajaribu kuzungusha usukani moteri ikiwa imezimwa, kiisha awashe moteri na kuzungusha tena. Kama usukani unakuwa mwepesi sana moteri ikiwaka, usaidizi uko na unafanya kazi. Kama uzito ni ule ule, hakuna usaidizi.

Jaribio la pili ni la macho. Fundi ainame kuangalia ekseli ya mbele na upande wa chini wa usukani. Anatafuta tiyo za mafuta zinazoenda ku magurudumu ya mbele. Akiona mafuta yanavuja, kazi ya kishikio ingoje mpaka yatengenezwe. Usaidizi ukikatika katikati ya shamba, trakta inaanza kukataa kugeuka, na kishikio hakitasaidia kitu.

Jaribio la tatu ni la kutembea. Shofere aende polepole sana, ku vitesi ya kwanza, akishika duara kwa mikono miwili na vidole gumba nje. Apitishe gurudumu moja la mbele juu ya tuta dogo. Kama usukani unaruka ndani ya mikono, kishikio kisifungwe ku trakta ile, hata kama majaribio mengine yalikuwa mazuri.

Namna ya kukifunga

Trakta ikishafaulu, kazi inaanza kwa kuchunguza usukani wenyewe. Duara la plastiki lenye ufa halifai kukazwa kitu. Ufa utafunguka siku shofere atakapovuta kwa nguvu. Usukani uliopasuka ubadilishwe kwanza.

Kiisha ni kupima unene wa duara. Pete ya kishikio inapashwa kulizunguka duara vizuri. Pete kubwa kupita kiasi itateleza, na pete ndogo haitafungika mpaka mwisho. Wengi wanapima kwa kuzungusha kamba ku duara na kwenda nayo ku duka. Hiyo inatosha ili kulinganisha.

Duara lisafishwe mafuta na vumbi, likauke. Magurudumu ya mbele yanyooshwe, sababu fasi ya kishikio inachaguliwa trakta ikiwa inaenda mbele moja kwa moja. Kama levie za jembe ziko kuume, kishikio kinawekwa upande wa kushoto, fasi ambayo mshale wa saa unaonyesha saa ya tisa ao ya kumi ku uso wa saa. Pale mkono unafika bila kuinua bega. Kama levie ziko kushoto, kinawekwa kuume.

Kabla ya kukaza, kishikio kinashikizwa kidogo na usukani unazungushwa polepole toka mwisho moja mpaka mwisho mwingine. Fundi anaangalia kama kinagusa levie, ufunguo wa moteri ao goti la shofere. Vidole viwe na nafasi ya kupita pande zote. Kama kinagusa kitu, kisogezwe.

Kati ya pete na duara inawekwa ngozi ya mpira iliyokuja na kishikio. Kama haiko, kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kinafaa. Bulon mbili zinakazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili pete ikae sawa. Kukaza kupita kiasi kunapasua plastiki, na kukaza nusu kunaacha pete iteleze. Kipimo ni hiki: shofere akivuta na kusukuma kwa nguvu zake zote, pete haisogei, na kichwa cha kishikio kinaendelea kuzunguka kwa urahisi. Ekru zenye plastiki ndani ni nzuri zaidi sababu hazifunguki na mtikisiko.

Kazi haimaliziki pale. Mpira unajibana ku masaa ya kwanza, kwa hiyo bulon zikazwe tena kiisha siku ya kwanza ya kulima, na kuangaliwa kila juma.

Kuna njia ya mkato inayopashwa kuepukwa: kuchoma bulon ao kipande cha chuma ku usukani kwa soudure. Moto unayeyusha plastiki na unaweza kudhoofisha chuma kilicho ndani. Tena kishikio kilichochomwa hakizunguki, ngozi ya kiganja ndiyo inayozunguka mahali pake.

Ku shamba ndiyo, ku barabara hapana

Kishikio ni cha kazi ya polepole: kugeuza ku mwisho wa mstari, kurudi nyuma na remorki, kupakia mzigo. Ku barabara, trakta inapoongeza mwendo, kuvuta kidogo tu kunaigeuza mingi. Shofere ashike duara kwa mikono miwili na kusahau kishikio. Kwa trakta inayotoka ku shamba na kuingia barabarani kila siku, kuna vishikio vinavyokunjwa ao kung'olewa bila kle, na hivyo ni bora.

Haraka yenyewe iko na hatari yake. Kugeuza kwa ghafula ku mteremko, jembe likiwa juu ao remorki ikiwa imejaa, kunaweza kulaza trakta upande. Mwendo upunguzwe kabla ya kugeuza, hata kama mkono unaweza kuzungusha upesi.

Mambo ingine ni madogo lakini yanaumiza. Koti yenye mikono mirefu na kamba za kofia zinanaswa ku kishikio. Pete na bangili zivuliwe. Na kishikio si cha kujivutia mtu anapopanda trakta. Zoezi lile ndilo linalolegeza pete kuliko kazi yote ya shamba.

Kwa mwenye kutumia mkono moja

Kishikio hiki hakikutengenezwa kwa haraka ya shamba tu. Ku Ufaransa na inchi zingine za Ulaya, mtu mwenye ulemavu wa mkono anaweza kuruhusiwa kuendesha gari lenye kishikio ku usukani, na jambo hilo linaandikwa ku permis yake. Ku mashariki ya Kongo, ambako vita na magonjwa vimeacha watu wengi bila nguvu ya mkono moja, habari hii inastahili kujulikana.

Lakini kwa mtu huyo sharti ni kali zaidi, sababu hana mkono wa pili wa kurekebisha kosa. Trakta iwe na usaidizi wa mafuta ulio mzima kabisa, na levie za jembe ziweze kufikiwa bila kuachilia usukani wakati mubaya. Mazoezi yafanyike ku uwanja mtupu, mtu mwingine akiwa mbali na magurudumu, mpaka mwili uzoee.

Ku ushirika wenye trakta moja, uamuzi usiachiwe shofere peke yake, wala fundi peke yake. Wote wawili wafanye majaribio yale tatu pamoja, mbele ya mwenye trakta. Trakta ikishindwa hata jaribio moja, feza ya kishikio inunue grese na kutengeneza pine za mbele. Shofere atasikia nafuu ile ile siku hiyo, na mikono yake itabaki mizima mpaka mavuno.