Pori, Shamba na Ziwa: Walimu wa Wasanii wetu wa Fizi

Watu wengine hufikiri kwamba mchongaji au mtunzi wa nyimbo hutoa yote kichwani mwake, kama buibui atoavyo uzi tumboni. Sivyo. Kila msanii amefundishwa kwanza na mahali alipokulia. Tulitazame jambo hilo katika nchi ya Fizi na Baraka, kisha tujiulize linatudai nini sisi tunaohubiri na kufundisha dini.

1. Wazee walisoma porini

Nchi hiyo ina sura mbili. Upande mmoja ni milima na misitu inayopanda kuelekea Itombwe. Upande mwingine, huko Baraka, ni ufuko wa ziwa Tanganyika, na rasi ya Ubwari imeingia majini. Wabembe wa zamani waliwinda na kulima, na kazi za mikono yao zinashuhudia hayo. Kinyago cha chama cha Alunga ni kama kengele kubwa ya mti. Kina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa katika mashimo yaliyopakwa udongo mweupe. Juu yake walifunga manyoya ya ndege na miiba ya nungu. Aliyekiona hakungoja kuambiwa kwamba huyu ametoka porini.

Jirani zao Warega walimheshimu sana kakakuona. Walisema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani. Ukitazama magamba yake yanavyolaliana utawasadiki, maana ni paa lisilopenya mvua. Nao chama cha Bwami, kilichokuwako kwa Warega na kwa Wabembe pia, kilifundisha kwa njia hiyo hiyo. Kwa Warega, jino la mnyama, ganda la konokono, sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, kila kimoja kilikuwa na methali zake. Kitu kilionyeshwa, methali ikaimbwa, na mtu akafunzwa mwenendo mwema. Hatusemi kwamba mambo yote ya chama hicho yanapatana na Injili. Twasema tu kwamba wazee wasio na vitabu walijua kusoma katika viumbe.

Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji ilikataza Bwami. Sanamu nyingi za nchi zetu ziko leo katika makumbusho ya Ulaya, kama yale ya Tervuren. Mgeni huzisifu kwa uzuri wake, lakini methali zilizozieleza hazikupelekwa pamoja nazo.

2. Bwana wetu alifundisha vivyo hivyo

Bwana wetu Yezu Kristu alikulia Nazareti, kijiji cha watu wa kazi. Tukichunguza mifano yake, tunaona mpanzi, chembe ya haradali, magugu, mtini usiozaa, wavu uliokusanya samaki wema na wabaya. Hakuvitafuta mbali, wasikilizaji wake walikuwa na udongo miguuni.

Ndiyo sababu mvuvi wa Baraka anaweza kumfasiria Luka mtakatifu kuliko vitabu vingi. Yeye huvua ndagala usiku wa giza, kwa taa, maana mwezi ukiangaza taa haiwavuti samaki vizuri. Anajua maana ya kurudi alfajiri na mtumbwi mtupu, mikono imechoka, na mke anangoja pwani na beseni lake. Tukimwambia kwamba Petro alifanya kazi usiku kucha bila kupata kitu, kisha akaambiwa ashushe nyavu tena mchana, anashtuka. Amekwisha kuona ni imani gani iliyotakiwa hapo.

3. Deni letu

Je, mahubiri yetu yanafanana na hayo? Mara nyingi tunawaeleza wakristu mizabibu na theluji, nao hawajaiona. Ngano ya Injili ibaki ngano, wala tusibadili neno. Lakini katika kueleza, katika nyimbo na picha za kanisa, mihogo iliyolowekwa, moto wa mashamba wakati wa kiangazi na mvua ya kwanza vina nafasi yao. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema mwaka 1963 kwamba Eklezia haina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya nchi yetu.

Jambo hili linataka haraka. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Watoto wengi wamezaliwa huko, mbali na mashamba ya babu zao. Mtoto asiyejua mti hawezi kufahamu methali inayoutaja, na methali isiyofahamika haisemwi tena. Hivyo nchi ikipotea, maneno nayo hupotea; na mtunzi wa kesho atatungia nini?

Kwa hiyo, ninyi waseminari, mkienda likizo msikae barazani tu. Shikeni jembe pamoja na mama zenu, ingieni mtumbwini usiku mmoja. Waulizeni wazee majina ya miti, ndege na samaki kwa Kibembe, na methali inayofuata kila jina. Andikeni yote daftarini pamoja na maelezo. Nanyi makatekista mnaokaa vijijini, tunawasihi mtusaidie, maana mnajua mengi kuliko sisi. Siku moja daftari hilo litampa mchongaji msalaba wa kuchonga, na mwimbaji zaburi ya kuimba. Nasi tutakuwa na la kuwaambia wavuvi wetu Jumapili.