Katazo na Ruhusa katika Ulinzi wa Data za Utafiti wa Lugha
Hudhaniwa mara nyingi kwamba katika NTFS, mfumo wa faili wa Windows, katazo hushinda ruhusa daima. Sivyo. Kompyuta hupima kwanza katazo lililowekwa kwenye faili yenyewe, kisha ruhusa iliyowekwa papo hapo. Ndipo hufuata katazo lililorithiwa kutoka kwenye folda, na mwisho ruhusa iliyorithiwa. Hivyo, kundi lililokatazwa kusoma folda ya rekodi za usaili kwa kawaida huweza kuifungua rekodi yenye ruhusa yake yenyewe, mradi lijue mahali ilipo. Mtafiti aliyemwahidi msailiwa usiri hawezi kutegemea katazo la folda pekee. Tena, mfanyakazi aliye katika makundi mawili huweza kupoteza ruhusa halali ya kundi moja kwa katazo la jingine. Kwa kuwa asiyeruhusiwa popote hunyimwa hata bila katazo, sera ya hifadhi ingefaa ianze na orodha fupi ya wanaoruhusiwa.